Vigimbi vya Mume Wangu Mdogo

Majina ya watu wote ninaowasimulia hapa nayakumbuka, hata ya ng'ombe wao, lakini sitayaandika. Waliokufa wamelala, na walio hai wana watoto shuleni. Nitasema tu mjukuu wangu, binti yangu, mwanangu, na anayetujua atajua.

Mjukuu wangu alipokuwa na miaka minne hivi, wanawake wa soko la Gakoromone walikuwa wanaacha ndizi zao wanakuja kumshika miguu. Siku za soko nilienda naye, nikamketisha juu ya gunia tupu kando ya nduma zangu za kuuza, na kila aliyepita aliinama akabonyeza vigimbi vyake, ile minofu ya nyuma ya mguu chini ya goti. Vilikuwa vinene, vigumu, vimejaa kama vya mwanamume anayepanda mlima na mzigo kila siku.

"Huyu mtoto mnamlisha nini?" wananiuliza.

"Simlishi kitu. Amekuja navyo. Huyu ni mzee wangu, hamumjui?"

Nao wanacheka, maana walimjua. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla ya mtoto kuzaliwa. Binti yetu kitinda mimba alimzaa nyumbani, hajaolewa, na kwetu mtoto wa kiume wa namna hiyo hupewa jina la baba ya mama yake. Basi akaitwa jina la mume wangu. Sisi ni Wakristo, tunajua wafu wanangoja parapanda, lakini kwa mambo ya jina hakuna anayebishana: aliyeitwa jina lako amekurudisha. Tangu siku ya kwanza nilimwita mume wangu. Na mume wangu alikuwa mtu wa miguu. Kutoka shambani kwetu, chini ya Githongo, mpaka kiwanda cha kahawa kuna mlima ambao watu wa baiskeli hawaupandi bila kusukuma. Yeye aliupanda na gunia la kahawa mbichi mgongoni, hapumziki, anapiga mluzi. Kwa hiyo vigimbi vya mtoto vilipojaa, hakuna aliyeuliza. Tulisema mzee amerudi na miguu yake, tukashukuru Mungu.

Mdomo nao alirudi nao. Mtoto hajafika kimo cha meza, ananipigia kelele kutoka mlangoni, "Mke wangu, chai iko wapi?"

"Mzee, ng'ombe bado hajakamuliwa."

"Umelala sana. Nitaoa mwingine."

"Oa. Huyo mwingine aje akukamulie."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na nyumba ilikuwa na kicheko.

Lakini alichelewa kutembea, na alipotembea alitembea kwa vidole, tumbo mbele, kama mtu aliyebeba kuku chini ya shati. Alianguka pasipo jiwe. Na kuinuka kwake kulikuwa kwa ajabu. Aligeuka kwanza akatazama ardhi, akaweka mikono chini, akainua makalio, halafu mikono ikashika miguu yake mwenyewe, muundi, goti, paja, ikipanda mpaka akasimama. Watoto wa shule walimwigiza. Walisema anajipanda kama mti.

Mwanangu mkubwa, mjomba wake, ambaye boma lake liko ng'ambo ya ua, alisema ni uvivu. "Mama, mmemharibu nyinyi wanawake. Mtu mwenye miguu hiyo hashindwi na mlima. Anawachezea." Akamnunulia mtungi mdogo wa plastiki awe anateka maji na binamu zake. Hakuwa na ubaya. Kwetu aliye dhaifu hupewa mzigo, kidogo kidogo, mpaka mwili uzoee, kama dume la ng'ombe linavyofunzwa jembe. Mtoto alienda mtoni akarudi na maji nusu, nguo zimelowa, akasema samaki wameyanywa. Siku nyingine hakurudi, binti yangu akaenda kumtafuta akamkuta ameketi njiani, anaongea na siafu.

Alipofika darasa la tatu kilima cha shule kilimshinda kabisa. Mama yake akambeba mgongoni asubuhi na jioni, mpaka miguu ya mtoto ikawa inamgonga magotini. Ndipo tukaenda hospitali kubwa ya mjini.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mgeni, Kimeru hakijui, kwa hiyo mambo yote haya tuliyazungumza kwa Kiswahili, na ndiyo maana hata leo yananijia kwa Kiswahili. Hakuanza kwa kumpima kifua. Alimwambia mtoto aketi sakafuni, kisha ainuke. Mtoto akajipanda kama kawaida. Daktari akatazama dirisha kidogo. Halafu akapiga magoti akamshika vigimbi, akavibonyeza vilevile kama wanawake wa sokoni, lakini hakucheka.

"Nyanya," akaniambia, "kwenu kumewahi kuwa na mvulana mwingine wa namna hii? Upande wa wanawake."

Mimi nilizaliwa upande wa Embu, juu ya Runyenjes, kabla ndoa haijanileta huku Imenti. Na nilikuwa na ndugu niliyemwachia ziwa. Alitembea kwa vidole. Tulimbeba mgongoni kwa zamu, mimi na dada zangu. Alikufa ndevu zimeanza kuota, lakini hajatahiriwa, kwa hiyo akazikwa kama mtoto: wanawake wawili na jembe, pembeni mwa shamba, bila wimbo, na watu wakarudi kupalilia mtama. Sikuwa nimemfikiria kwa miaka mingi.

"Yuko," nikasema. "Alikuwa ndugu yangu."

Daktari akatueleza kwamba ugonjwa huu hupita kwa akina mama, wao wasiumwe, ukawaangukia watoto wa kiume. Binti yangu alinitazama mimi, akamtazama mwanawe, kisha akatazama mikono yake mwenyewe mapajani. Ni mtoto aliyesema.

"Daktari, kama nyama yangu ni kubwa hivi, mbona haina nguvu?"

Basi yule daktari akaacha kuongea na sisi, akavuta kiti, akaongea naye. Alimwonyesha kwa vidole. Kila tuliporudi kliniki alimwongezea kidogo, na kila aliloambiwa mtoto alinifundisha mimi nyumbani. Alipenda sana kunifundisha, kwa sababu mimi niliishia darasa la pili na nilibisha.

Nakumbuka siku moja nachambua maharagwe, yeye ameegemezwa ukutani juani.

"Weka maharagwe chini, mke wangu. Leta mikono."

Nikaleta.

"Nyama si kitu kimoja. Ni kama kamba ya katani. Ukiifungua unapata nyuzi. Kila uzi ni chembe hai moja, ndefu. Ukiufungua huo uzi, ndani kuna nyuzi nyembamba zaidi. Na ndani ya hizo kuna vijiti vidogo sana, jicho halioni. Vingine vinene, vingine vyembamba. Vimepangwa hivi." Akaingiza ncha za vidole vyake kati ya ncha za vidole vyangu. "Vyangu ni vinene. Vyako ni vyembamba."

"Vyangu ndivyo vinene."

"Nyamaza, unafundishwa. Vijiti vinene vina vichwa vidogo vingi. Kichwa kinashika kijiti chembamba, kinainama, kinavuta. Kinaachilia. Kinashika mbele kidogo, kinavuta tena. Umeona wanaume wakitoa ng'ombe shimoni kwa kamba? Mmoja anashika huku mwingine anasogeza mkono. Hivyo."

"Kwa hiyo vijiti vinakuwa vifupi."

"Hapana!" Alifurahi sana nilipokosea. "Hapo ndipo kila mtu anakosea. Kijiti hakifupiki. Kinateleza tu kikaingia katikati ya wenzake." Akasukuma vidole vyake vikaingia kati ya vyangu mpaka mwisho. "Vidole vyako vimefupika?"

"Havijafupika."

"Lakini mikono yetu imekaribiana. Basi ndivyo nyama inavyojikunja. Kila kijiti kinabaki na urefu wake, nyama nzima ndiyo inafupika."

Nikamuuliza nani anayeviambia vuta. Akasema amri inatoka kichwani, inashuka kwa mshipa wa fahamu kama stima kwenye waya. Ikifika kwenye nyama, kuna mifuko midogo ya kalsiamu, ile iliyo kwenye maziwa. Mifuko inafunguka, kalsiamu inamwagika, na kuna kitu kilichokuwa kimefunika mahali pa kushika, kinaondoka. Kabla ya hapo vichwa vinataka kushika lakini mlango umefungwa. Amri ikiisha, kalsiamu inarudishwa mifukoni, mlango unafungwa, mkono unalegea.

"Na chakula? Si mimi nakulisha uji bure?"

"Chakula ndicho kinachoachilia."

"Chakula kinaleta nguvu ya kushika. Usinidanganye."

"Nguvu ya kuvuta inatoka humo, ndiyo. Lakini daktari amesema kichwa kikishashika hakiwezi kuachilia mpaka kipewe punje mpya ya nguvu. Hata kuachilia ni kazi. Ndiyo maana maiti hukakamaa. Nguvu imekwisha, vichwa vimeshika, na hakuna wa kuvifungua."

"Toka hapa na maiti zako!"

"Mwanamke anasomeshwa bure halafu anapiga kelele."

Nikacheka, kisha nikamuuliza swali ambalo sikupaswa kulichelewesha wala kulifanyia mzaha. "Na wewe, mzee wangu? Vichwa vyako havivuti?"

Akavuta vidole vyake kutoka kwa vyangu.

"Vyangu vinavuta sawasawa. Shida ni kile kinachofunga vijiti na ngozi ya chembe. Ni kama kamba ndogo. Kwangu haikutengenezwa. Kwa hiyo nikivuta, ngozi inachanika. Inajishona, nikivuta tena inachanika tena. Mwisho inachoka, chembe inakufa, na mwili unajaza mafuta mahali pake." Akapiga kigimbi chake kofi dogo. "Hii ni mafuta, nyanya. Si babu."

Siku hiyo aliniita nyanya. Nikarudi kwa maharagwe yangu, lakini jiwe sikulitofautisha na haragwe.

Kabla ya kumaliza shule ya msingi alikuwa hasimami tena. Fundi mmoja alimtengenezea kiti cha mbao chenye magurudumu ya baiskeli, na wenzake wa darasa walimsukuma mpaka shuleni wakipigana nani ashike nyuma. Asubuhi na jioni mama yake alimwogesha, akamlaza juu ya mkeka, akampaka mafuta ya moto na kumnyoosha magoti polepole, kama daktari alivyomfunza, ili nyama isijifupishe ikabaki hivyo. Ilikuwa kazi yake kama sala. Daktari alikuwa amemwambia binti yangu kwamba watoto hawa hawafiki mbali, mwisho hata kifua huchoka. Tulidhani mtoto hajui. Alijua kabla yetu.

Mwaka ule wa darasa la nane, wenzake wakaanza kuongea habari za Desemba. Kwetu mvulana akimaliza mitihani anatahiriwa, anatengwa kibandani na wanaume, anatoka mtu mzima. Asiyepita hapo, hata awe na mvi, ni mtoto. Hasikilizwi, na siku yake ikifika anazikwa kama mtoto. Mjukuu wangu alikuwa ameniuliza habari za ndugu yangu mara nyingi, nami nilimweleza yote, hata wale wanawake wawili na jembe.

Jioni moja tukiwa jikoni akasema, "Mimi nataka kwenda na wenzangu. Sizikwi kama ndugu yako."

Mama yake aliangusha mwiko. "Nani amesema habari za kuzikwa?"

"Mimi."

Akaitwa mjomba. Mwanangu alisimama mlangoni, kofia mkononi, akatafuta maneno. "Mpwa wangu, desturi unaijua. Mtu anatoka mtoni kwa miguu yake. Anasimama. Kisu kikija hatikisiki, hata ukope. Wazee wanamtazama mwili wote, wakiona nyama imeshtuka ni aibu ya ukoo."

"Shida ni kutikisika, mjomba?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi niwekeni wa kwanza. Kati ya hao wote ni mimi ambaye sitatikisika. Nyama ya kutikisika nitaitoa wapi?"

Mwanangu alicheka kwa nguvu, halafu akageuka akaenda haraka, na nikamwona penye ua anajifuta uso kwa ile kofia.

Binti yangu hakutaka. "Watamuua, Mama. Huko hakuna wa kumgeuza, hakuna wa kumnyoosha." Tukamuuliza daktari. Akasema asilazwe kwa dawa ya usingizi hata kidogo, nyama za namna hii huweza kumwua akiwa amelala. Sindano ya ganzi mahali penyewe, basi. Akasema pia angependa tusifanye. Mtoto akamwambia, "Daktari, wewe umenieleza mwili wangu wote. Hili ni langu."

Mimi ni mwanamke, mambo hayo sina mdomo. Lakini kwetu ombi zito hupelekwa na kitita cha miraa, na kitita hakiulizwi kimetoka kwa nani. Nikaenda Gakoromone, nikamtafuta kijana auzaye miraa ya Kangeta.

"Nyanya!" akapiga kelele. "Umeacha kanisa umeanza kutafuna?"

"Fungasha vizuri, wewe. Ile ya wazee, si hii ya wenda wazimu wa stendi."

"Unaoa?"

"Naozesha mume wangu."

Soko lote likageuka. Nikatoka pale nimefunika kitita kwa leso, nikakipeleka kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mzee wa ukoo. Wazee walikaa kwake tangu asubuhi. Mimi nilikuwa upande wa juu wa ua natoa machipukizi ya kahawa, mti uleule mmoja, mpaka nikaumaliza majani. Alasiri shemeji akaja.

"Amekubaliwa. Atakaa kwenye kiti chake. Daktari wa zahanati, mwanamume, atakuwapo na sindano." Akasita. "Lakini wazee wamesema neno moja, na mtoto ameitwa akaliitikia. Akitoka pale ni mwanamume kwa kila kitu. Hakuna nusu."

Nikasema asante. Sikuelewa nilichoshukuru.

Walimchukua alfajiri. Sisi wanawake tulibaki uani, binti yangu ameweka kichwa mapajani mwangu mtu mzima yule. Jua lilipopanda tukasikia wanaume wakiimba kutoka upande wa mto, na sauti haikuvunjika, tukajua limepita salama. Baadaye mwanangu mwenyewe alipita njiani akinong'ona kama mtu anayeongea na ua, "Hakufumba hata macho. Aliwauliza kama wamemaliza." Binti yangu akainuka akaanza kufagia.

Mwezi ule wa kibandani hakuna mwanamke aliyemwona. Wanaume walimlisha vizuri, walimwimbia, walimfunza wanayofunza. Walimkalisha kitini mchana kutwa kama mfalme. Hawakumnyoosha, hakuna aliyekumbuka, na yeye hakuomba. Alipotoka, amevaa suruali mpya na koti, alikuwa na uso wa mwanamume, nikapiga vigelegele mpaka koo likauma. Kisha nikatazama magoti. Yalikuwa yamejikunja yakashika hapo. Nyama isiyonyooshwa hujikubalia ufupi wake. Hayakunyooka tena.

Na ndipo tukaelewa hakuna nusu. Mwanamume wa kwetu halali nyumbani kwa mama yake, na mama haoni mwili wake tena. Mjomba alikuwa amemjengea chumba chake cha mbao upande wa pili wa uwanja. Siku ya kwanza binti yangu alienda na karai la maji ya moto na mafuta, kama miaka yote. Nilimsikia mtoto ndani.

"Mama, usiingie."

"Nakuogesha tu."

"Mama. Usiingie."

Alisimama pale na karai mpaka mvuke ukaisha. Tulimwita mchungaji azungumze naye, aseme katika Kristo mambo hayo hayapo. Mchungaji alisema vizuri sana. Mtoto akamsikiliza, kisha akamuuliza, "Mchungaji, wewe ulipotahiriwa, mama yako aliendelea kukuogesha?" Mchungaji ni Mmeru kama sisi. Akaomba maombi mafupi akaenda.

Hakuwa na kiburi. Alikuwa ametoa magoti yake kwa jambo lile, na angelilegeza kidogo tu, watu wangesema wazee walimhurumia.

Wanaume walimwogesha wiki za mwanzo, mjomba na binamu zake. Lakini kahawa ilipoiva, kila mtu alikuwa shambani ama kiwandani, na mtoto akalala alivyolazwa asubuhi mpaka alasiri, mkojo umemkaukia. Mama yake alizunguka kile chumba kama kuku anayetafuta tundu. Nikachukua karai mimi.

"Wewe pia usiingie," akasema.

"Mimi ni nani kwako?"

Nikashusha karai kizingitini, nikamuuliza tena.

"Tangu ujue kusema umeniita nani? Sema."

Nikasikia anacheka, kicheko kile cha pumzi kidogo. "Mke wangu."

"Basi mke anamwogesha mume wake akiumwa. Ama umeoa mwingine huko kibandani?"

"Niliona mmoja lakini alikuwa na meno mabaya."

Nikaingia. Wazee waliposikia walikaa kimya, na kimya cha wazee ni ruhusa.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyejifunza mwili wake upya. Goti usilivute, utamtoa machozi. Unaweka mkono wa kushoto chini ya goti, wa kulia kisiginoni, unamgeuza wote kwa pamoja kama unavyogeuza mtoto mchanga. Vigimbi vilivyosifiwa sokoni vilikuwa vimekwisha, ngozi tu na kitu laini ndani yake. Mabega yakafuata, halafu mikono, mpaka kikombe nikawa nakishika mimi. Hata sauti ni nyama, alinieleza. Hata kupumua: kuna nyama pana chini ya mbavu inayovuta hewa, nayo ina vijiti vilevile. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayekuhesabia mashamba ya baba yake yaliyouzwa.

Mama yake alileta kigoda akakiweka nje, chini ya upenu, mgongo wake kwenye ubao wa ukuta pale kitanda kilipokuwa kwa ndani. Hapo ndipo alipofanyia kazi zake zote, kumenya, kushona, kuchambua mboga. Walikuwa wanaongea kupitia ukutani. Alimweleza nani ameolewa, nani ng'ombe wake amezaa, naye akajibu polepole, neno, pumzi, neno. Mikono iliyomnyoosha miaka yote ile haikumgusa tena. Niliwahi kumwambia mtoto, mwache mama yako aingie siku moja tu. Akasema, "Nikimwacha siku moja, nitamtaka kila siku."

Hilo sikumwambia binti yangu. Lakini ukuta ulikuwa wa mbao, na alikuwa pale.

Alikufa asubuhi ya mvua ndogo, hajafika ishirini, nikiwa nimemgeuza tu atazame mlango. Pumzi moja ilichelewa, na nyingine haikuja. Nilimfumba macho. Nilipotoka nje, binti yangu alikuwa ameshasimama kutoka kwenye kigoda. Alikuja mpaka mlangoni, vidole vya miguu juu ya kizingiti.

"Ingia," nikamwambia. "Sasa ingia."

"Alinikataza," akasema. Hakuingia.

Wanaume wakaja haraka: mwanangu, shemeji, na vijana watatu wa rika lake, waliotahiriwa naye, mmoja bado ana matope ya shamba. Rika ndilo huosha, rika ndilo huchimba. Nilikuwa nimeshaweka karai chini, nimekunja mikono ya nguo. Mwanangu alinishika bega.

"Mama, toka. Hii ni kazi ya wanaume."

Nilitaka kumwambia mimi ni mke wake. Neno lilifika mdomoni. Lakini niliwatazama wale vijana, wamevua kofia, wanangoja mwanamke atoke ili wamwoshe mwanamume mwenzao, na hicho ndicho alichokuwa ametaka. Nikatoka.

Mlango ukafungwa. Nikasimama na binti yangu pale ukutani. Ndani walianza kumwaga maji, kisha wakaacha. Tukasikia wakinong'onezana. Halafu sauti ya mwanangu, ndogo.

"Mama."

"Naam."

"Goti hili halinyooki. Tunafanyaje?"

"Usilivute," nikasema kupitia ubao. "Mkono wa kushoto uwe chini ya goti. Ule mwingine kisiginoni. Mgeuzeni wote kwa pamoja."

Tukasikia kitanda kikilia. Kisha binti yangu akaweka kiganja chake ukutani, akasema kwa sauti ya kila siku, sauti ya kazi:

"Mmoja ashike kichwa, kinaanguka nyuma. Na hayo maji ni ya baridi. Yeye hapendi ya baridi."

Mlango ukafunguka kidogo, na yule kijana mwenye matope akatoka na karai, akapita mbele yetu ameinamisha macho, akaenda jikoni kuleta ya moto.